Vipimo vya Kiporo

Wazazi wenzangu wenye mabinti shule za bweni, kama mmeshika sahani ya chakula, iwekeni pembeni kwanza ndipo msome. Kuna mahali humu hamu itawaisha.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Kazi yangu ni kupika. Siku za mnada hapa Chemba nauza ugali na nyama na mlenda, siku nyingine chai na maandazi. Kwa hiyo mambo ya fizikia nitakayoeleza ni yale niliyoyaona kwa macho, na mengine binti yangu Ruthu alinieleza polepole kama anavyolishwa mtoto. Lakini uvundo naujua vizuri. Chakula kilicholala nakijua hata sufuria haijafunuliwa.

Ruthu yuko kidato cha sita, shule ya wasichana ya upande wa Kolo. Jina la shule silitaji. Anachotaka ni kimoja tu, kusomea uhandisi wa umeme chuo kikuu cha Dodoma, pale Chimwaga, na tangu akiwa mdogo alikuwa anafungua redio mbovu za baba yake na kunipangia vyuma vyake kwenye ungo wangu wa kupepetea.

Nilikuwa nakanda unga wa maandazi simu ikaita.

"Mama Ruthu? Hapa ni Mwalimu Castory wa fizikia. Unahitajika shuleni. Binti yako ana tatizo la nidhamu."

"Tatizo gani, mwalimu wangu?"

"Ukija utaelezwa."

Akakata. Sasa mama yeyote mwenye binti anajua kilichoniingia kichwani. Mimba. Unga niliuacha kwenye beseni, nikafunga kitenge, nikaondoka na mikono ina hamira. Mpaka nafika Kondoa nilikuwa nimeshampata na mwanamume mwenyewe, yule kijana wa bodaboda ambaye kila akinywa chai kwangu lazima aulize, "Ruthu anafunga lini shule?" Nilimlaani yule kijana wa watu njia nzima. Mungu anisamehe.

Mwalimu Castory nilimkuta kwenye ofisi ya walimu. Ni kijana, shati limenyooka kwa pasi, ana sauti ya upole. Mkuu wa shule alikuwa kikaoni Dodoma mjini. Nilikaa pembeni ya kiti, sikuweza hata kuegemea.

"Mwalimu, niambie tu. Ni mimba?"

Akacheka. "Hapana, mama! Amekataa kuandika zoezi la maabara."

Pumzi zikanirudi. Nikasema moyoni, ahsante Mungu, kumbe ni ukaidi tu, ukaidi unatibika. Nikamuuliza ni zoezi gani.

Akanieleza. Kuna kidude kidogo kinaitwa dayodi, kimo kwenye redio, kwenye chaja ya simu, kila mahali. Kazi yake ni kupitisha umeme upande mmoja tu, ukikigeuza kinakataa. Wanafunzi wanatakiwa wakifunge kwenye betri, waongeze nguvu ya umeme kidogo kidogo, na kila wanapoongeza wasome mshale wa mita, waandike umeme kiasi gani umepita. Halafu wanachora mstari. Mstari unatambaa chini chini, ukifika mahali fulani unapanda ghafla.

"Darasa zima limeandika vizuri," akasema. "Karatasi zote zinafanana. Ya Ruthu peke yake ndiyo tofauti. Ana namba zake mwenyewe."

"Amekosea?"

Akasogeza kikombe chake. "Mama, alama za mazoezi haya zinaingia kwenye rekodi yake. Mkaguzi akija akakuta karatasi zote zinasema hivi na moja inasema vile, ataanza kuuliza maswali. Ruthu ataponza wenzake. Kwa hiyo leo, mbele yako na mbele ya darasa, aombe radhi, anakili upya, yaishe. Akikataa nampa sifuri. Na barua ya kumsifia kwa ajili ya chuo sitaandika."

Nikamwambia nimesikia, naomba kwanza nimwone mwanangu.

Ruthu alikuwa bwenini, amesimama karibu na kitanda chake cha juu. Alinishika mikono akainama, "Shikamoo mama," na mimi kabla sijamaliza kuitikia pua yangu ilishajua. Maharage. Maharage yaliyochacha, yale ya kushinda kwenye joto mpaka yakatoa povu.

"Nini kinanuka hapa?"

"Mama, tutoke nje."

Nikapanda kwenye chuma cha kitanda, nikafunua shuka. Lo! Godoro lote lilikuwa limemwagiwa makombo. Maharage yamekauka juu yamefanya ukoko, chini bado yana utelezi, na katikati ya ule uji kulikuwa na funza wanacheza. Wanacheza, nawaambia. Kwenye kitanda cha mtoto wangu, mahali anapolaza uso. Nilishuka haraka nikatema mate nje ya dirisha, ladha ya ule uvundo imebaki mdomoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Wenzangu." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nalala kwenye mbao, nimetandika kitenge. Si mbaya."

"Kwa sababu ya nini, Ruthu? Uliiba?"

"Kwa sababu ya namba, mama. Wanasema nitawaponza."

Ndipo akaniambia lile neno. Zile namba za mwalimu hakuna aliyezipima. Zilipimwa zamani na wanafunzi ambao siku hizi wana watoto wao, zikabaki, na kila mwaka mwalimu anaziandika ubaoni, wanafunzi wananakili, wanachora mstari mzuri, wanapata alama nzuri. Wenyewe wanaita kiporo. Kipindi cha maabara kikifika wanaitana, "Twendeni tukapashe kiporo." Wanacheka.

Mimi ninayepika nilisikia ngozi inanisisimka. Kiporo cha usiku mmoja ukikipasha kinalika. Kiporo cha miaka unampaje mtoto wa mwenzio?

"Kwa hiyo hizo namba ni za uongo?"

"Kwa dayodi za zamani zilikuwa za kweli," akasema. "Lakini zile ziliisha, ziliungua zote. Mwalimu akatuambia tung'oe vile vitaa vidogo vyekundu kwenye redio mbovu, navyo ni dayodi. Ni kweli navyo ni dayodi, mama. Ila kitaa hakianzi kupitisha umeme mahali inapoanzia dayodi ile nyingine. Kinachelewa sana. Mimi nilikipima. Sasa nikiandika namba za ubaoni, nitakuwa nasema umeme unapita tele wakati kitaa kiko giza mbele yangu."

Nilimwangalia. Amekonda, na shingoni ana vipele vya kulalia mbao. Niseme ukweli wa moyo wangu, nilitaka kumwambia aandike tu. Chimwaga iko pale pale, mlima mzima wa majengo ya taa, anauona kila tunapopita kwenda mjini. Sifuri moja na barua moja vinaweza kumzuia. Nikamwambia, "Twende nikaone huko maabara."

Sasa hapa ndipo nilipowaambia muweke sahani pembeni.

Mwalimu Castory alifungua mlango, na harufu ikatoka kutupokea kabla hatujaingia. Popo. Dari lote lilikuwa lao. Mikojo yao imeshuka ukutani michirizi ya kahawia mpaka kwenye picha za mifupa ya binadamu, na vinyesi vyao vimelala mezani kama mtu amemwaga mchele mweusi. Kwenye sinki kulikuwa na maji ya rangi ya chai yaliyoota utando, na juu ya utando manyoya. Manyoya ya nini, sikuuliza. Nilijifunga pua kwa kitenge. Wasichana wa darasa lake walioingia nyuma yetu hawakujifunga chochote. Walifuta viti kwa mikono, wakakaa. Wamezoea! Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko harufu yenyewe.

Na mwalimu, akiwa amesimama pale pale kwenye mchele wa popo, alitoa karanga mfukoni akaanza kutafuna. Maganda anapuliza mezani.

Nikachukua mita iliyokuwa mbele yangu nione hicho wanachosoma. Ndani ya kioo kulikuwa na mende. Amekufa zamani, amekauka, na mguu wake mmoja umeshikilia ule mshale, umeuegemeza kwenye namba.

"Mwalimu, humu kuna mende."

"Hiyo hatuitumii, mama. Ziko nzima zile nyingine."

"Na wanaoketi hapa wanasoma nini?"

"Wanasoma ubaoni," msichana mmoja akajibu, na darasa likacheka.

Mwalimu akapiga makofi. "Haya, tusipoteze muda. Ruthu, njoo mbele. Omba radhi wenzako, kisha uketi unakili."

Ruthu akasimama mbele. Mimi huwa sisemi mbele za watu waliosoma, lakini nikainuka. "Mwalimu, samahani. Mtoto haombi radhi kwa kitu ambacho mzazi hajakijua. Naomba nione hicho alichokataa. Akishindwa kunionyesha, ataomba radhi akiwa amepiga magoti, na mimi pembeni yake."

Mwalimu akaangalia saa. "Haya. Haraka."

Ruthu akafuta meza kwa sketi yake. Akatoa betri mbili za tochi, akafunga nyaya, chuma cha kusogeza kinachoongeza umeme, mita mbili zenye mishale mizima, na kitu kidogo chenye mistari ya rangi anachosema kinazuia dayodi isiungue. Mwisho akaweka kitaa, kidogo kama punje ya hindi.

"Mama, huu mshale unaonyesha nguvu ninayoisukuma. Huu wa pili unaonyesha umeme unaopita. Angalia wa pili."

Akasogeza chuma. Mshale wa kwanza ukapanda kidogo. Wa pili ukalala. Akasogeza tena. Wa pili umelala tu.

"Hapa," akasema, bila kugeuka nyuma, "ubaoni pameandikwa umeme umeshaanza kukimbia."

Nikatazama ubao. Nikatazama mshale. Umelala kama mgonjwa, na kitaa kiko giza.

"Hapa, volti moja. Ubaoni mstari umeshapanda mpaka juu."

Giza.

"Dada Ruthu, unatuchelewesha," akasema kiongozi wa darasa, anaitwa Gladness, msichana mrefu mwenye sauti ya kuamuru. "Andika tu tukale. Au unataka kuolewa na mita?"

"Ataolewa na yule mende," mwingine akadakia, wakaangua kicheko.

Ruthu akasogeza chuma. Volti moja na nusu. Giza. Akasogeza kidogo tena, kidogo mno, na mshale wa pili ukashtuka. Ndani ya ile punje pakatokea doa jekundu, hafifu, kama kaa la moto chini ya majivu. Akasogeza kiasi cha unywele mmoja zaidi. Mshale ukaruka, na kitaa kikawaka chekundu kabisa, mpaka vidole vyake vikawa vyekundu.

Kicheko kilikatika. Msichana mmoja mwenye hijabu nyeupe, baadaye nilijua anaitwa Naima, alisimama kwenye kiti chake. "Kumbe kinawaka?"

Jamani. Kidato cha sita! Mtihani uko mlangoni, na mtoto anauliza kumbe kinawaka. Vitaa vyenyewe walivichomoa kwa mikono yao, vimekaa kwenye kopo mezani kwao muhula mzima, wameandika kurasa za maelezo juu yake, na hakuna aliyewahi kukiona hata kimoja kikiwaka.

Ruthu akakigeuza kitaa upande wa pili. Kikazima. Akasukuma umeme mpaka mwisho, hakikukubali. "Huku kinakataa," akasema.

Nilimgeukia mwalimu. Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Nilidhani mtu mzima akioneshwa kitu kwa macho yake atasema, loh, kumbe, ngoja tufute ubao.

Alimaliza karanga iliyokuwa mdomoni. "Vizuri, kimewaka. Hicho kitaa kina tabia yake, najua. Sasa keti uandike namba za ubaoni."

"Mwalimu," nikasema, "si umeona?"

"Nimeona, mama. Mimi siyo kipofu."

"Sasa?"

Akanisogelea, akashusha sauti, ile sauti yake ya upole. "Mama, nikueleze kwa lugha rahisi. Sayansi ni kupata jibu sahihi. Jibu sahihi tayari tunalo. Namba hizi zimepeleka watoto chuo kikuu. Wewe unataka wako aende chuo, au unataka taa ziwake?"

Pumzi yake ilikuwa inanukia karanga na popo. Nawaambia ukweli, mende yule kwenye mita alikuwa na nafuu, maana yeye alikufa ndiyo akaushikilia mshale. Huyu anaushikilia akiwa hai, shati limepigwa pasi, na mshahara anapokea.

Gladness naye akanigeukia. Safari hii hakuwa anacheka, alikuwa karibu kulia. "Mama, tunakuomba. Mwambie aandike. Karatasi yake ikienda hivyo wataangalia na zetu. Sisi tutapima saa ngapi tena?"

Nikawaonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa na kichefuchefu ndani yake. Hawa ndio waliomwaga maharage. Na hawa ndio watakaokuja kutupimia dawa na kutufungia umeme majumbani.

Ruthu alikuwa bado ameshika kile kitaa. "Mama," akaniuliza, "niandike?"

Macho yote yakawa kwangu. Nilikuwa na hofu, sitawadanganya. Niliiona Chimwaga inasogea mbali kama vilima vinavyosogea ukiwa kwenye lori. Lakini nilipofikiria mwanangu anainama pale, kwenye mavi ya popo, ananakili kwamba giza ni mwanga, nilihisi kama nimeambiwa nimlishe yale maharage ya kitandani, na kijiko nimeshika mimi.

"Andika ulichokiona," nikamwambia.

Akaketi, akaandika. Hakuharakisha. Alipomaliza alimpelekea mwalimu karatasi kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha. Mwalimu hakuisoma hata mstari mmoja. Alitoa kalamu nyekundu akachora sifuri kubwa juu yake, akaizungushia tena ili iwe nene, akamrudishia.

"Na barua usahau."

Ruthu hakulia. Aliikunja karatasi, akafungua nyaya moja moja, akarudisha betri kwenye boksi.

Tulilishusha godoro tukaliburuta mpaka nyuma ya bweni. Nilikwangua ukoko kwa kipande cha bati, nikamwaga maji, nikasugua kwa sabuni ya unga, funza wakawa wanaelea. Tulipokuwa tunaligeuza, Naima akaja na ndoo ya maji. Aliiweka chini, akawa anatutazama. Halafu akamwuliza Ruthu, "Nikibadilisha namba zangu, na mimi atanipa sifuri?"

"Atakupa," Ruthu akamjibu.

"Na godoro?"

"Na godoro."

Naima akatikisa kichwa polepole. Akashika upande mmoja wa godoro, tukalianika wote kwenye seng'enge. Kama alibadilisha au hakubadilisha, sijui hadi leo.

Kwa hiyo ndugu zangu, onyo langu ni hili. Siku ya kutembelea watoto tunakwenda na hotipoti za pilau, tunakaa kivulini, tunawapiga picha, tunauliza umekuwa wa ngapi darasani, tunaondoka tunajisifu. Msiishie kivulini. Ombeni mfunguliwe maabara. Mkikataliwa, kaeni mlangoni. Ingizeni pua zenu. Shikeni mita, angalieni ndani ya kioo kuna nini. Mwambieni mtoto, nifungie hicho kitaa nione. Akikwambia ana alama themanini na hajui kukiwasha, ujue ameshalishwa kiporo, na wewe ndiye uliyelipia. Na wewe mwenye mtoto kama Gladness, mwanao siyo mbaya. Analindwa na uchafu, na yeye anaulinda.

Sijui Ruthu ataingia Chimwaga au hataingia. Usingizi wangu tangu siku ile ni wa kuibia. Kuna siku nasema nilimharibia mtoto, na kuna siku nasugua masufuria yangu mpaka vidole vinachubuka, nikiona hayajatakata. Kila akipiga simu namwuliza kama amekula na kama godoro limekauka. Anasema limekauka, ila doa halijatoka.

Siku ile nilipokuwa natoka, jua limeanza kuegemea, Mwalimu Castory alikuwa amesimama getini na walimu wenzake wawili, wananunua miwa. Aliponiona alijiweka sawa, akaweka mkono kifuani kwa adabu zote, akasema kwa sauti wenzake wasikie, "Shikamoo, mama."

Mimi maishani sijawahi kumnyima mtu marahaba. Hata walevi wa mnadani wanaonikimbia bila kulipa, wakirudi wakisema shikamoo nawaitikia. Nilifungua mdomo. Nikahisi ile ladha ya bwenini imerudi mdomoni. Nikaufunga, nikafunika pua kwa kitenge, nikampita.